Mbegu ya korosho haimfuati mama peke yake

Naomba nami nitoe maoni yangu kuhusu upandaji wa mikorosho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Newala. Si bwana shamba wala mtafiti, lakini nafundisha Sayansi katikati ya mikorosho, na wazazi wa wanafunzi wangu karibu wote hununua daftari na sare kwa fedha ya korosho. Kwa hiyo jambo hili linanihusu kama mwalimu na kama mwananchi.

Kila mwaka mvua zinapokaribia, watu wengi huku kwetu huenda kwenye mkorosho wa fulani unaosifika kwa kuzaa. Huomba au hununua korosho zake, wakachagua zile kubwa, wakazitia majini, zinazoelea wakazitupa na zilizozama wakazipanda. Kila mmoja huamini kwamba ameupata mti ule ule unaosifika. Mimi nasema hakuupata. Amepata mtoto wa mti ule, na mtoto ana wazazi wawili.

Ubaya wa jambo hili huonekana baadaye sana. Namfahamu mama mmoja mjane aliyepanda ekari mbili kwa korosho alizogawiwa bure pamoja na wenzake, zikiwa zimemiminwa kutoka katika gunia ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi. Alipalilia miaka minne. Miti ilipoanza kuchanua, alikuta mingine inazaa vizuri, mingine inatoa korosho ndogo zisizo na thamani, na mingine inajaa maua kila mwaka lakini korosho zake ni za kuhesabu. Majirani wakasema ni udongo. Wengine wakasema ni kijicho cha watu. Lakini udongo ni ule ule, mvua ni ile ile na jembe ni lile lile. Kilichotofautiana ni damu ya miti yenyewe.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tulitazame ua la mkorosho, maana huko ndiko mambo yanakoanzia.

Shada moja la mkorosho lina maua mengi, mara nyingi mamia. Ukiyatazama kwa mbali ni mamoja yote, madogo yenye petali tano nyembamba ambazo huanza na weupe kisha zikaingia wekundu. Ukiyapekua kwa karibu utaona ni ya namna mbili. Mengi ni maua dume. Yana stameni za kutoa chavua, lakini sehemu ya kike ndani yake imedumaa. Machache ni maua kamili, yaani yana stameni na pia yana ovari inayoweza kushika mimba. Ua dume haliwezi kuzaa korosho hata mti ukitiwa mbolea ya namna gani. Ua kamili ndilo lenye uwezo huo, nalo huzaa korosho moja tu, kwa sababu ovari yake ina yai moja tu. Na hata katika maua kamili yaliyochavushwa, matunda mengi huanguka yakiwa bado machanga.

Likibahatika moja, korosho ndiyo hukua kwanza. Hutangulia ikiwa ya kijani na kufikia ukubwa wake wote, kisha ndipo kikonyo kinachoibeba huvimba na kuwa bibo. Watoto hudhani bibo ndilo tunda na korosho ni mbegu iliyotoka nje. Kumbe tunda lenyewe ni korosho, na bibo ni kikonyo kilichonenepa.

Wakati wa maua niliwatoa nje wanafunzi wa Darasa la Tano, nikawapa mashada ya mikorosho miwili iliyo jirani katika uwanja wa shule. Kazi yao ilikuwa kutafuta maua kamili. Katika mti wa kwanza waliyapata bila taabu. Katika mti wa pili walipekua shada zima, na baadhi yao wakarudi mikono mitupu wakidai nimewadanganya. Mti huo wa pili ndio ambao kila mwaka hutupa kivuli kizuri na korosho chache. Sikuwa na haja ya kuandika mengi ubaoni siku hiyo.

Ndugu wasomaji, kiasi cha maua kamili katika shada ni mojawapo ya mambo ambayo mti huzaliwa nayo. Hali ya hewa, rutuba na magonjwa vina sehemu yake, sikatai. Lakini mti wenye urithi wa kutoa maua dume matupu hautageuka kuwa mzazi kwa kupaliliwa tu. Hali kadhalika wakati wa kuchanua, ukubwa wa korosho, wembamba wa ganda, urefu wa mti, na uwezo wa kustahimili ugonjwa wa ubwiriunga, yote hayo yana mizizi katika urithi. Mti unaowahi kuchanua, kwa mfano, huweza kukomaza sehemu ya korosho zake kabla ugonjwa haujapamba moto, na yule anayechelewa maua yake hukutwa machanga.

Sasa urithi huo husafirije? Maagizo ya urithi huitwa jeni, nayo yamo katika kila chembe ya mti. Mtawa mmoja wa mji wa Brno, Gregor Mendel, alichapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya njegere, akaonyesha kwamba kila mzazi, baba na mama, hutoa nusu ya urithi wa mtoto, na kwamba sifa iliyojificha kwa mzazi huweza kuibuka kwa wajukuu. Lakini njegere, kama maharage, kwa kawaida hujichavusha yenyewe katika ua lake. Ndiyo maana mkulima wa maharage huweza kujiwekea mbegu mwaka hata mwaka na akavuna maharage yale yale.

Mkorosho hauko hivyo. Chavua yake inanata, hivyo hubebwa na nyuki, nzi na wadudu wengine kutoka shada hadi shada na kutoka mti hadi mti. Korosho uliyoiokota chini ya mti bora kabisa huenda baba yake ni mkorosho mkongwe wa kichakani usiozaa kitu, ambao kazi yake ni kujaza maua dume na kutawanya chavua. Na baba huyo haonekani. Ganda unalolishika mkononi limetengenezwa na mama, lakini kiini kilichomo ndani, ambacho ndicho kitakachoota, ni mtoto wa wote wawili. Hata ikitokea mti umejichavusha wenyewe, jeni zake hukorogwa upya katika kila mbegu, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawiwa. Kuzamisha korosho majini ni jambo zuri, maana kunaonyesha kwamba kiini kimejaa. Lakini maji hayawezi kumwambia mtu baba ni nani.

Mkorosho hauko peke yake katika miti ya jamii hii ya vyakula vya kubanguliwa. Pistachio, ambao ni ndugu wa mkorosho na mwembe katika ukoo wa mimea, una miti dume na miti jike mbalimbali. Mkulima wa Iran au wa Marekani akipanda kwa mbegu hungoja miaka mingi ndipo aone kama mti wake ni jike wa kuzaa au ni dume. Miti ya walinati, zile kokwa ambazo kiini chake kina mikunjo kama ubongo, ina namna yake nyingine. Kila mti una maua ya kiume na ya kike, lakini baadhi ya miti hutanguliza ya kiume na mingine hutanguliza ya kike, ili aina moja iipatie chavua nyingine. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walieleza katika jarida la Science kwamba katika walinati tofauti hiyo huamuliwa na sehemu moja tu ya urithi, na kwamba mpango huo ni wa kale mno. Wakulima wa huko hawangoji bahati. Hupanda miti iliyobebeshwa, ambayo kila mmoja unajulikana jina lake na tabia ya maua yake.

Kwa nini basi sisi wa korosho tungoje bahati?

Nasema hivyo kwa sababu nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa zao hili kuanguka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa nyingi. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, watu walihamia vijijini wakaacha mashamba yao mbali, na ubwiriunga ukaingia ukatapakaa. Ugonjwa huu ni kuvu inayopenda majani machanga na maua. Hulifunika shada kwa unga mweupe kama wa muhogo, maua yakanyauka kabla hayajazaa. Wazee wa huku wanakumbuka mashamba yaliyogeuka pori kwa kukosa mtu wa kuyapalilia.

Salfa ilisaidia sana kuliinua zao hili, lakini salfa ni gharama ya kila mwaka. Msaada mwingine ulitoka katika kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kinachojulikana leo kama TARI Naliendele. Watafiti walipita katika mashamba, wakachagua miti iliyozaa sana na iliyostahimili magonjwa, wakaijaribu, wakaioanisha kwa mikono ili kupata chotara, na wakaipa majina, kama ile iitwayo AC4. Hayo ni matunda ya miaka mingi ya jasho na ya fedha za umma. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Itakuwa aibu kazi hiyo ikae Naliendele huku mkulima wa kijijini anapanda korosho ya gunia.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kubebesha. Unaotesha korosho yoyote yenye afya ili ipate shina na mizizi. Kisha unakata kijiti kichanga kutoka katika mti bora, unakichonga, unakipachika juu ya mche na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Kikishika, kila kinachoota juu ya fundo lile ni mti ule ule bora, si mtoto wake. Jeni zake ni zile zile, maua yake ni yale yale, korosho yake ni ile ile. Hakuna baba wa kichakani anayeingia hapo. Tena mche wa namna hiyo huwahi kuzaa kuliko ule wa mbegu. Na mwenye mikorosho mizee isiyozaa hana haja ya kung'oa. Anaweza kuikata ibaki kisiki, akangoja machipukizi, akayabebesha kwa vijiti bora, na mizizi mikubwa iliyokwisha kushika ardhi ikaulisha mti mpya.

Najua yapo maneno yanayosemwa dhidi ya mche wa kubebesha. La kwanza ni kwamba hauna mzizi mkuu na upepo utauangusha. Si kweli. Shina la chini limetokana na mbegu, kwa hiyo mzizi mkuu upo. Unaoharibika ni mche uliokaa mno katika kifuko mpaka mzizi ukajikunja chini kama chatu. Kosa hilo ni la kuchelewa kupanda, wala halitokani na kubebesha.

La pili ni gharama. Korosho ya kupanda ni bure au karibu na bure, na mche ni wa kununua. Lakini tupige hesabu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayopendekezwa, ekari moja huchukua miti 28 hivi. Miti ni michache, na kila mmoja utakaa shambani miongo kadhaa. Mwenye kukosea mbegu ya mahindi hujuta msimu mmoja. Mwenye kukosea mkorosho hujuta tangu mtoto wake anazaliwa mpaka anamaliza shule. Rahisi inayokula miaka ya mtu si rahisi.

La tatu ni zito zaidi, nami nawaheshimu wanaolisema. Wanauliza kwamba iwapo wilaya nzima itapanda mti mmoja uliobebeshwa mara elfu, itakuwaje siku ugonjwa unaoupenda mti huo utakapofika? Hilo ni kweli. Miti iliyotoka katika mti mmoja hufanana kwa nguvu na kwa udhaifu pia, na kitakachoua mmoja kitaiua yote. Tena mikorosho huzaa vizuri zaidi ikipata chavua ya mti wa ukoo mwingine. Kwa hiyo shamba bora ni lile lililochanganya aina kadhaa zilizojaribiwa, zinazochanua kwa wakati unaokaribiana. Wala mikorosho ya kale iliyotokana na mbegu isifyekwe yote. Mikorosho haikuwa ya huku asili yake. Ililetwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na tangu hapo imekuwa ikichanganyika yenyewe kwa yenyewe. Katika mchanganyiko huo ndimo watafiti walimochagua, na ndimo watakamochagua tena ugonjwa mpya ukija. Mahali pa mbegu za kubahatisha ni katika mashamba ya utafiti, ambako mtu analipwa mshahara kungoja na kupima. Mama mjane mwenye ekari mbili asibebeshwe kazi hiyo bila kuambiwa.

Kutokana na hayo, napenda kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, ugawaji wa korosho za kupanda zisizojulikana wazazi wake ukomeshwe. Kama hapana budi kugawa mbegu, ziwe zile za mashamba maalumu ya mbegu ambamo miti yote, mama na baba, imechaguliwa. Na kila mche uliobebeshwa unaouzwa au kugawiwa uwe na kibandiko chenye jina la aina yake. Mkulima ana haki ya kujua anachopanda kama anavyojua jina la dawa anayopewa zahanati.

Pili, kila kijiji cha korosho kiwe na bustani yake ndogo ya miti mama, yenye aina kadhaa, ambayo vijiti vitakatwa humo. Serikali ya kijiji na chama cha msingi cha ushirika wanaweza kuitunza bila gharama kubwa. Vijiti hukauka upesi, na kuvisafirisha mwendo mrefu juani ni kuviua.

Tatu, kila kijiji kichague vijana wawili au watatu, wa kike na wa kiume, wapelekwe kujifunza kubebesha. Kazi hii inahitaji kisu kikali, utepe na mkono mwepesi. Vijana wetu wanayo mikono hiyo. Watapata kipato bila kukimbilia mjini, na mkulima hatangoja gari la wilaya.

Nne, sisi walimu tusifundishe ua kwa mchoro wa kitabu tu ilhali maua yananing'inia dirishani. Tuwape watoto mashada wayahesabu, waandike mti upi una maua kamili mengi, kisha msimu wa kuokota wahesabu korosho za miti ile ile. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hataamini tena kwamba kijicho ndicho kilichozuia korosho, wala hatapanda kwa kubahatisha atakapokuwa na shamba lake.

Tano, mwananchi mwenye mkorosho wa ajabu kwa uzazi au kwa afya, unaobaki kijani wakati wenzake wamejaa unga mweupe, autie alama na ampashe habari bwana shamba. Mti huo ni mali ya mwenyewe, lakini vijiti vyake vinaweza kuwa mali ya taifa.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nyoka sina ubishi. Kwa mkorosho, mtoto wa mti unaozaa huweza kuwa mti usiozaa, na anayelipa ni yule aliyengoja miaka minne kwa jembe mkononi. Wahusika walifikirie jambo hili kabla ya mvua zijazo, maana mti ukishaota mahali pasipo pake hakuna barua ya gazetini itakayoung'oa.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Newala, Mtwara.